Talvj: Mwanamke Aliyejificha Nyuma ya Herufi Tano

Mwaka jana nilirudi kutoka kijijini na daftari lililojaa nyimbo. Nilikuwa nimekaa huko wiki tatu nikiandika nyimbo ambazo akina mama huimba wakitwanga mihogo au wakibembeleza watoto, kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Profesa anayeniongoza alilifungua daftari, akasoma kurasa mbili tatu, kisha akaniuliza jambo moja tu: nani aliimba? Nikatafuta. Tarehe ilikuwepo, jina la kijiji lilikuwepo, na alama za toni nilikuwa nimeziweka kwa uangalifu juu ya kila irabu. Jina la mwimbaji halikuwepo popote.

Profesa hakunikaripia. Alinipa jina la mtu wa kwenda kumsoma: Talvj. Nilidhani ni mwanamume, tena labda wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Nilikosea yote mawili. Talvj alikuwa mwanamke wa Kijerumani, na jina hilo alilitunga mwenyewe kwa herufi za kwanza za majina yake: Therese Albertine Luise von Jakob. Alihamia Marekani akiwa na miaka thelathini na mitatu, na huko akawa kati ya watu wa kwanza kabisa kuwaeleza wasomaji wa Kiingereza lugha za Kislavi ni zipi na zina fasihi gani. Wanaosoma isimu na fasihi ya Waslavi wanamjua vizuri. Katika kitivo chetu hatumtaji, na mimi naona tuna sababu nyingi za kumtaja.

Vita vinafunga chuo

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1797 katika mji wa Halle. Baba yake, Ludwig Heinrich von Jakob, alikuwa profesa wa falsafa na uchumi katika chuo kikuu cha mji huo. Kwa hiyo mtoto alikua kati ya vitabu na kati ya watu wanaobishana mezani kuhusu vitabu. Huenda angekaa Halle maisha yake yote, aolewe na mwalimu mwingine wa huko huko, na sisi tusimsikie kamwe.

Lakini mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliishinda Prussia karibu na Jena, na siku chache baadaye wanajeshi wa Ufaransa wakaingia Halle. Napoleon akakifunga chuo kikuu. Wanafunzi wakafukuzwa mjini, walimu wakabaki bila kazi. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa sana hali hiyo. Sote tunajua maana ya mlango wa chuo uliofungwa kwa sababu ya bunduki, na tunajua jinsi mwalimu anavyoanza kuulizia kazi nchi ya mbali.

Kazi ilipatikana Urusi. Mwaka 1807 familia ilihamia Kharkov, mji ambao leo uko Ukraine, ambako chuo kikuu kipya kilikuwa kimefunguliwa miaka michache tu kabla ya hapo. Therese alikuwa na miaka kumi. Shule ya kumfaa haikuwepo, basi akajifundisha mwenyewe kwa kusoma kila alichokikuta kwenye rafu za baba yake. Nje ya nyumba kulikuwa na darasa lingine: masokoni na barabarani alisikia watu wakiimba nyimbo za Kislavi ambazo hazikuwa katika kitabu chochote cha baba. Nyimbo hizo hazikumtoka tena.

Miaka michache baadaye baba aliitwa Saint Petersburg kufanya kazi ya serikali kuhusu fedha na sheria. Huko msichana alipata vitabu vingi zaidi na akaijua Urusi vizuri zaidi, lakini moyo wake ulibaki Ujerumani, nchi aliyoiacha akiwa mtoto na ambayo sasa aliijua zaidi kwa kusoma. Aliandika mashairi ya kuitamani. Familia iliporudi Halle mwaka 1816, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alirudi mgeni nusu, akiwa na lugha ambazo wasichana wenzake wa mjini hawakuwa nazo.

Majina ya kuazima

Tukumbuke wakati. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa mwanafunzi katika chuo kikuu alichofundisha baba yake. Prussia ilifungua rasmi milango ya vyuo vikuu vyake kwa wanawake mwaka 1908, zaidi ya miaka mia moja baada ya Therese kuzaliwa. Mwanamke wa ukoo wa heshima aliyechapisha vitabu alitazamwa kwa jicho la pembeni, hasa akilipwa.

Therese alitaka kuandika, na alitaka fedha yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 alitafsiri kwa Kijerumani riwaya mbili za Walter Scott, ambaye wakati ule alikuwa akisomwa Ulaya nzima. Kwenye jalada aliweka jina Ernst Berthold, jina la mwanamume kabisa. Kazi hiyo hakuipenda sana, lakini ilimfundisha ufundi: namna ya kuketi na sentensi ya mtu mwingine mpaka ikubali kusimama katika lugha yako.

Alipotoa hadithi zake mwenyewe mwaka 1825 hakujiita tena Ernst Berthold, wala hakutumia jina lake. Alitunga Talvj. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kwangu ni kubwa. Ernst Berthold ni uongo mtupu. Talvj ni kweli iliyofungwa kwenye fundo: kila herufi ni yake, ila asiyejua hawezi kulifungua. Msomaji hakuweza kujua kama mwandishi ni mume au mke, Mjerumani au mgeni. Alilitumia jina hilo mpaka mwisho wa maisha yake, hata baada ya watu wengi kujua lilimficha nani.

Mwaka wa nyimbo

Katika miaka hiyo hiyo alifiwa na ndugu yake wa kike aliyempenda sana. Huzuni ilimlemea. Ndipo alipoisoma makala ya Jacob Grimm juu ya nyimbo za Waserbia zilizokusanywa na Vuk Karadžić, akaamua kujifunza Kiserbia. Wengine wakifiwa hulima, wengine husali. Yeye alichukua sarufi.

Hapa lazima tusimame kidogo kwa Vuk. Alikuwa mtoto wa wakulima, kilema wa mguu mmoja, kutoka nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa Waturuki wa Osmani. Waserbia wenye elimu waliandika kwa lugha ya kanisa iliyochanganywa na Kirusi, ambayo mama yao nyumbani asingeielewa. Vuk alisema lugha ya kuandika iwe ile wanayozungumza wakulima, na tahajia yake iwe herufi moja kwa sauti moja. Mwaka 1818 alitoa kamusi. Pamoja na kamusi akakusanya nyimbo, kwa sababu alihitaji ushahidi: hii hapa lugha mnayoidharau, tazameni inavyoweza kusema. Maaskofu na wasomi wengi wa nchi yake walimpinga vikali. Kuanzia mwaka 1823 mkusanyo wake mkubwa ulianza kutoka Leipzig, na Vuk mwenyewe alipita Ujerumani akitafuta marafiki.

Rafiki aliyemfaa kuliko wengi alikuwa msichana wa Halle. Therese alijifunza lugha haraka, akisaidiwa na Kirusi alichokijua na nyimbo alizosikia utotoni. Mwezi wa Aprili 1824 alifanya jambo la ujasiri: alimwandikia Goethe, mzee wa miaka 74, mshairi mkubwa kuliko wote wa lugha ya Kijerumani, akimpelekea baadhi ya tafsiri zake. Goethe alimjibu, akamtia moyo, akaomba nyingine. Miaka karibu hamsini nyuma yeye mwenyewe alikuwa ametafsiri wimbo mmoja wa huko, ule wa mke wa Hasan Aga, kwa kupitia lugha nyingine kwa sababu hakujua Kiserbia. Sasa alikuwa amempata mtu anayejua. Aliandika makala kuwasifu wimbo na mfasiri, na kwa sifa ya Goethe mlango wa kila mchapishaji ulifunguka.

Kitabu, Volkslieder der Serben, yaani Nyimbo za Waserbia, kilitoka Halle katika majuzuu mawili, mwaka 1825 na 1826. Alikitoa kwa heshima ya Goethe. Wajerumani walisoma kwa mshangao. Taifa ambalo wengi wao walikuwa hawajalisikia lilikuwa na tenzi za vita zinazoweza kuwekwa kando ya Homer, na nyimbo za mapenzi laini kama za mshairi yeyote wa mjini.

Kwa sisi wanaisimu ufundi wa kitabu hiki unastahili kutazamwa karibu. Utenzi wa Kiserbia huimbwa kwa zeze la uzi mmoja liitwalo gusle. Mshororo wake una mizani kumi, na mwimbaji hukata pumzi baada ya mizani ya nne. Hauna vina vya lazima. Kama vile utenzi wetu wa Kiswahili unavyotambulika kwa mizani nane, Mserbia husikia kumi na kujua kwamba hadithi ya mashujaa imeanza. Mfasiri anaweza kufanya mambo mawili. Anaweza kufuata neno kwa neno na kuuacha wimbo ukiwa mfupa. Tafsiri za Jacob Grimm zilielekea huko, na Grimm alikuwa na sababu zake za kisayansi. Au anaweza kuvisha wimbo nguo za mtaa wake, vina na mapambo, mpaka Mserbia asiutambue. Talvj alitafuta njia ya katikati. Aliziacha mizani kumi zibaki kumi, hakuongeza vina ambavyo mwimbaji hakuviweka, lakini alitaka sentensi ya Kijerumani itembee bila kuchechemea. Wapo waliosema ameulainisha wimbo kupita kiasi. Ubishi huo haujaisha mpaka leo, na kila mmoja wetu anayetafsiri wimbo wa kwao kwa Kifaransa anaurudia bila kujua.

Jambo la pili: Vuk aligawa nyimbo katika makundi mawili, za mashujaa ambazo huimbwa na wanaume kwa gusle, na zile alizoziita za wanawake, za kazini, harusini, kwenye ngoma na kwa mtoto. Talvj hakuchagua vita peke yake. Alizipa nyimbo za wanawake nafasi kubwa, na ndizo zilizopendwa zaidi na wasomaji wengi wa Kijerumani.

Ng'ambo ya bahari

Baba alifariki mwaka 1827. Wakati huo alikuwa Halle Mmarekani mmoja, Edward Robinson, msomi wa Biblia aliyekuja Ujerumani kujifunza Kiebrania na lugha jirani zake. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Connecticut, mtu wa kazi ndefu na maneno machache. Walioana mwezi wa Agosti 1828, na mwaka 1830 wakavuka bahari.

Tukisikia habari za wahamiaji Wajerumani wa Marekani tunafikiria mkokoteni, shoka na nyumba ya magogo. Pori la Therese halikuwa la miti. Alifikia Andover, mji mdogo wa Massachusetts wenye chuo cha wachungaji, ambako maisha yalikwenda kwa kengele ya kanisa. Mtu aliyekuwa akiandikiana barua na Goethe sasa alikuwa mke wa profesa katika mji usio na tamthilia wala muziki aliouzoea. Lugha ya nyumba ilikuwa mpya, desturi zilikuwa mpya, na watoto walianza kuja. Si wote waliokua. Waliobaki ni Mary na Edward. Kwa miaka kadhaa Talvj alikuwa kama amekufa.

Kilichomfufua ni kazi ya lugha. Mwaka ule alioshuka melini, 1830, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini-mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Maelfu walikufa njiani katika miaka iliyofuata. Wakati huo huo wasomi wachache walikuwa wakikimbizana na muda kuandika lugha za watu hao. Mmoja wao alikuwa John Pickering, mwanasheria wa Massachusetts, ambaye mwaka 1820 alikuwa ametoa mapendekezo ya tahajia moja itakayofaa lugha zote za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Talvj alitafsiri kwa Kijerumani maelezo ya Pickering juu ya lugha hizo, akaongeza maelezo yake, na kitabu kikatoka Leipzig mwaka 1834. Wanaisimu wa Ujerumani wakapata njia ya kuzisoma lugha ambazo wasemaji wake walikuwa wakifukuzwa kwenye ardhi yao.

Hapa mimi hushindwa kumsifu kwa moyo mmoja. Alizihurumia lugha, na ardhi je? Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1847, alitoa kitabu kikubwa cha historia juu ya makoloni ya New England kuanzia 1607 mpaka 1692, kazi ya utafiti mzito, ambayo mwaka 1851 ilitoka pia London kwa Kiingereza. Lakini kitabu hicho kinasimuliwa kutoka upande wa waliofika kwa meli. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Msomaji wa Kongo ana haki ya kukiona hicho, na ana haki ya kumsoma hata hivyo.

Ramani ya lugha za Kislavi

Mwaka huo huo wa 1834, katika jarida la masomo ya Biblia ambalo mume wake alilianzisha Andover, ilitoka kazi yake ya kwanza kubwa ya isimu kwa Kiingereza: maelezo ya historia ya lugha za Kislavi. Fikiria kazi yenyewe. Kiingereza alikuwa amekihamia miaka minne tu. Vitabu alivyovihitaji vingi vilikuwa ng'ambo ya bahari. Na wasomaji wake wengi walidhani kwamba zaidi ya Kirusi na Kipolandi hakuna kitu.

Aliipanua kazi hiyo mpaka ikawa kitabu kamili, kilichotoka New York mwaka 1850, kikiwa na utangulizi ulioandikwa na mume wake. Kinaanza na Kislavi cha kale cha kanisa. Kisha kinagawa Waslavi katika matawi mawili. Katika la mashariki anaweka Kirusi, Kiserbia na jirani zake, na Kibulgaria; katika la magharibi Kicheki na Kislovaki, Kipolandi, na Kisorbi cha wale Waslavi wachache wanaoishi ndani ya Ujerumani. Alifuata mgawanyo uliokuwa umewekwa na wataalamu wa wakati wake, hasa Mcheki Dobrovský. Leo tunafundishwa matawi matatu, kwa sababu Kiserbia na Kibulgaria vimetengwa kuwa tawi la kusini. Kukosolewa na wanaokuja baadaye ni bahati ya kila anayechora ramani mapema.

Lililo lake hasa ni sehemu ya mwisho ya kitabu, juu ya ushairi wa watu. Vitabu vya historia ya fasihi vya wakati ule vilianza na mwandishi wa kwanza mwenye jina na kuishia na wa mwisho. Talvj alisema, kwa mpangilio wa kitabu chake, kwamba fasihi ya taifa haijakamilika kama mwanamke anayeimba shambani hayumo.

Mtu anayependa nyimbo za watu si lazima aamini kila anachoambiwa ni wimbo wa watu. Mwaka 1837 Robinson alipewa kazi ya uprofesa katika chuo cha theolojia mjini New York, na kabla ya kuianza alisafiri kwenda Palestina kutafuta miji ya Biblia. Therese alibaki Ujerumani na watoto mpaka 1840. Miaka hiyo mitatu hakuipoteza. Mwaka 1840 alitoa Leipzig uchunguzi wa nyimbo za mataifa ya Kijerumani na jamaa zao, na pamoja nao kitabu kidogo chenye makali kuhusu Ossian. Miaka themanini nyuma Mskoti James Macpherson alikuwa ametangaza kwamba amegundua mashairi ya mshairi wa kale aitwaye Ossian, na Ulaya nzima, Goethe akiwemo, ilikuwa imeyalilia. Talvj alionyesha kwamba hayo hayakuwa mashairi ya kale. Aliyependa wimbo wa kweli hakukubali ule wa bandia, hata kama wakubwa waliupenda.

Mume aliporudi kutoka Palestina, kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1841 kwa Kiingereza na kwa Kijerumani pamoja, na lile la Kijerumani lilipita mikononi mwa mke wake. Kitabu hicho ndicho kilichompa Robinson sifa ya kuwa baba wa jiografia ya Biblia. Nani alikuwa mama wa toleo la Kijerumani, wachache huuliza.

Mhamiaji anaandika wahamiaji

Kuanzia 1840 familia ilikaa New York, na nyumba yao ikawa mahali pa kukutania waandishi na wasomi wa Kimarekani na wageni kutoka Ulaya. Baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa huko Ujerumani, watu walianza kumiminika: katika miaka ya 1850 pekee Wajerumani karibu milioni moja waliingia Marekani. Talvj alikuwa amewatangulia kwa miaka ishirini. Alijua kile ambacho wao walikuwa hawajakijua bado.

Mwaka 1852 alitoa riwaya yake inayokumbukwa zaidi, Die Auswanderer, yaani Wahamaji, ambayo mwaka uliofuata ilitoka kwa Kiingereza. Ni hadithi ya Clotilde na mchumba wake Hubert wanaoondoka Ujerumani kutafuta uhuru. Meli inavunjika karibu na pwani ya kusini, na Clotilde anajikuta katika shamba kubwa linalolimwa na watumwa. Mtu aliyekimbia nchi isiyo na uhuru anakula chakula kilichopikwa na mtumwa: swali hilo mwandishi analiweka mezani na haliondoi. Baadaye hadithi inahamia kaskazini, kwa watu wa New England, na huko pia mgeni anagundua kwamba wema wa wenyeji una milango iliyofungwa.

Riwaya zake nyingine, kama ile ya 1850 na ile ya 1851 inayohusu Hungaria, leo hazisomwi sana, na mimi sitadai zisomwe. Zina machozi mengi kama riwaya nyingi za wakati ule. Lakini katika Die Auswanderer kuna kitu ambacho mkulima aliyekuja na shoka hakuwa na nafasi ya kukiandika, yaani uchovu wa mtu anayetafsiri siku nzima, sokoni, kanisani, mezani, hata ndani ya ndoa yake mwenyewe.

Kurudi

Edward Robinson alifariki mwezi wa Januari 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambavyo kijana wao alipigana. Mjane akarudi Ujerumani. Alikuwa na miaka sitini na sita, na mara ya pili katika maisha yake alirudi kwao akiwa mgeni nusu. Aliendelea kuandika, na mwaka 1868 akatoa riwaya nyingine. Alifariki Hamburg tarehe 13 Aprili 1870. Miaka minne baadaye binti yake Mary alizikusanya hadithi zake fupi na kuzitoa.

Baada ya hapo jina lilianza kufifia. Wajerumani walimhesabu kuwa Mmarekani, Wamarekani walimhesabu kuwa Mjerumani, wanatheolojia walimjua kama mke wa Robinson, na mtu aliyekutana na Talvj kwenye jalada hakujua amwite bwana au bibi. Waliomkumbuka bila kuyumba ni Waserbia na wataalamu wa lugha zao, kwa sababu alikuwa ameziingiza nyimbo zao nyumbani kwa watu.

Jina la mwimbaji

Sasa narudi kwenye daftari langu. Tunajua majina ya baadhi ya waimbaji wa Vuk. Tunamjua Filip Višnjić, kipofu aliyezunguka na gusle yake. Tunamjua Živana, kipofu pia. Lakini wimbo mmoja mkubwa kuliko yote kuhusu vita vya Kosovo ulitoka kwa mwanamke kipofu ambaye vitabuni anaitwa kwa kijiji chake tu: yule kipofu wa Grgurevci. Na wale wanawake ambao nyimbo zao za mapenzi Talvj alizitafsiri kwa upendo mwingi, karibu wote hawana hata jina la kijiji.

Kwetu pia kazi ya namna hii imefanywa, na mahali pengine imefanywa vizuri. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, unatujulisha kwamba aliyeuimba ni Shekarisi Rureke. Jina lake liko pale, na msomaji yeyote anaweza kumshukuru. Lakini ni nyimbo ngapi katika maktaba yetu, na katika kazi zetu za mwisho wa masomo, zimeandikwa kwamba zimetoka kwa jamii fulani, kana kwamba jamii ina koo moja la kuimbia?

Talvj alijificha kwa hiari yake, na aliacha herufi tano za kumtafutia. Akina mama walioniimbia hawakuniomba niwafiche. Niliwaficha kwa uzembe. Mwezi wa Agosti nilirudi kijijini na daftari lile lile. Wawili kati yao nilikuta wamehama, na mmoja amefariki. Jina lake alinipa binti yake. Wengine walicheka sana waliposikia kwamba nimesafiri njia yote ile kuuliza jina tu. Kisha kila mmoja akalitaja lake, lile la ukoo na lile la ubatizo, polepole, akingoja nimalize kuandika.